Mwaka Tuliohesabu Majembe

Mlio ulitangulia. Kabla ukungu haujainuka juu ya mto Lualaba, kabla sijaona uso wa mtu wala ncha ya mtumbwi, nilisikia chuma kikigonga chuma, ngee, kisha kandambili zikiburuta mchangani, kisha tena ngee. Mlio mmoja ulikuwa mkali, wa jembe jipya. Mwingine ulikuwa mzito, wa jembe lililolika mpaka likabaki kama kijiko. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya banda la zamani la reli, karibu na maji, mgongo nimeuelekeza mlangoni, na kila mlio uliponifikia nilichukua kifuniko kimoja cha chupa kutoka kwenye ndoo na kukiangusha ndani ya beseni. Sikugeuka kumtazama aliyegonga. Walionikataza kugeuka hawakuwa wanajeshi walioushika mji, ingawa wao walikataza mambo mengi mwaka ule. Walikuwa akina mama wenyewe, wenye majembe.

Nayaandika haya kwa sababu Papa Kalenga amefariki. Habari ilinikuta Kinshasa, mbele ya kompyuta, katika ujumbe mfupi wa binti yake: "Da Zaina, papa ametuacha asubuhi hii." Nilipanda ndege ya kwanza ya Kindu iliyokuwa na nafasi. Pikipiki ikanipitisha mtaa wa Kasuku, katikati ya maduka na kelele za wauza vocha za simu, mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako viti vya kuazima vilikuwa vimejaa ua mzima na turubai la buluu lilikuwa limefungwa kutoka paa hadi mti wa mparachichi. Nilipewa nafasi ndani, ukutani, chini ya dirisha, nikapakuliwa wali wa Kibombo na samaki wa mto. Nje ya dirisha hilo walikaa wazee wawili waliodhani siwasikii.

"Yule mama ya ndani njo nani?"

"Humujui? Njo Zaina. Zaina ya mabeseni."

"Zaina ya wakati ya vita? Mimi nilizania alishakuwa kikongwe."

"Kikongwe ni weye. Yule alikuwa mutoto ya masomo. Njo yeye alikuwa anahesabu wamama kule bandarini."

"Acha uongo. Hakuhesabu wamama. Alihesabu jembe."

Niliinamisha kichwa juu ya sahani ili waliokuwa wakilia wasinione nikitabasamu. Sahihisho lile, lililotoka katika mdomo uliojaa wali, lilibeba karibu kila kitu nilichofundishwa mwaka ule, na mzee yule alilitoa kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

Kazi yangu leo ni kuandika programu zinazohesabu vitu visivyosimama. Watu wengi hudhani kompyuta huhesabu kama mwalimu anavyohesabu wanafunzi darasani: wote wamekaa, anaanzia kona moja, anamalizia nyingine. Sisi hatuna bahati hiyo. Vituo vya afya hutuma ujumbe mchana kutwa, hiki kimepokea dozi za chanjo, kile kimetumia, na ujumbe hupita kama maji ya mto. Huwezi kuusimamisha, huwezi kuuambia urudi juu uanze kushuka upya. Kinachobaki mkononi ni hesabu tu, inayopanda na kushuka, ambayo programu inapaswa kuikumbuka kati ya ujumbe uliopita na unaokuja. Kumbukumbu hiyo ndogo tunaiita hali. Ikipotea, hakuna mto wa kuuliza. Ikidanganya, kuna kituo mahali fulani kitabaki na jokofu tupu huku skrini ikionyesha kwamba mambo yote ni mazuri, na mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni ataambiwa arudi wiki ijayo. Wenzangu walijifunza haya vyuoni, kwa walimu wazuri. Mimi nilijifunza katika banda la reli, kwa mlio wa chuma, na sijawahi kuwaonea wivu.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Treni ilikuwa imeacha kuja, nyasi zilikuwa zimeota katikati ya reli mpaka mbuzi wakalishwa pale, chumvi ilikuwa kitu cha kuonja kwa ncha ya kidole, na kila barabara iliyotoka mjini ilikuwa na watu wa kuogopwa, wengine wenye sare, wengine bila sare. Chuo kikuu cha Kisangani, ambako ningeanza mwaka wangu wa pili wa hesabu, kilikuwa mbali kama mwezi. Chakula kilichobaki kilikuwa ng'ambo ya mto, juu kidogo ya Alunguli, kwenye mashamba ya mihogo ambako wakati ule hakuna aliyethubutu kulala. Mkuu wa wanajeshi aliruhusu akina mama wavuke asubuhi na kurudi jioni, kwa sharti. Aliogopa kwamba miongoni mwao wangekuwapo wa kupeleka habari msituni. Kwa hiyo idadi itakayovuka lazima irudi yote kabla bendera ya bandarini haijashushwa. Siku ambayo mmoja atapungua, mto utafungwa, na hakuna atakayevuka tena. Akahitajika mtu wa kuhesabu. Akina mama hawakutaka mwanajeshi, na jina langu likatajwa kwa sababu ya masomo yangu.

Asubuhi ya kwanza nilisimama mlangoni pa banda na kuanza kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikinyoosha kidole kwa kila mmoja aliyepita. Sikufika mbali. Mama Asha wa Mikelenge, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alishusha kapu lake chini.

"We Zaina. Unanisonta kidole, mimi?"

"Nahesabu, mama. Njo kazi walinipa."

"Muntu hahesabiwe. Enda uhesabu mbuzi. Ukinihesabu asubuhi hii, nani atanirudisha jioni?"

Wengine nao wakashusha makapu. Nilijua wanachosema. Kwetu mtu akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Wako," na aliyeuliza hutosheka. Kumtaja mtu kwa namba ni kumfichua kwa kitu kibaya kinachotafuta wa kuchukua. Kaporali aliyekuwa zamu bandarini, kijana wa kutoka mbali ambaye Kiswahili chake kilikuwa na mawe ndani, alianza kupiga kelele kwamba bila hesabu hakuna kuvuka, na akina mama wakaanza kukaa juu ya makapu yao, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliofika walikokuwa wanakwenda. Ndipo Papa Kalenga alipotoka ndani ya banda.

Alikuwa karani wa stesheni, Mluba wa Katanga, na alikuwa akija kazini kila siku na kofia yake ya reli ingawa hapakuwa na treni ya kupokea wala ya kuaga. Alisikiliza pande zote mbili akiwa ameshika kikombe chake cha chai ya mchaichai.

"Wamama, mbona munagombana na mutoto? Tuache watu. Jembe inahesabiwa?"

Mama Asha alifikiri. "Jembe ni chuma tu."

"Basi." Akagonga kwa kikombe chake kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, kile ambacho zamani kiliwaita wafanyakazi kazini. "Kila jembe igonge hapa, kuenda na kurudi. Zaina atageuka, hataona muntu. Atasikia tu."

Ikawa hivyo. Nikageuzwa mgongo, na kwa mwaka mzima niliwajua wanawake wa Kindu kwa milio yao.

Mimi nilitaka beseni moja. Kaporali alitaka namba moja tu jioni, zilizobaki ng'ambo, na namba hiyo ilipaswa kuwa sifuri. Lakini Papa Kalenga alileta mabeseni matatu ya enameli yaliyobanduka rangi, akayapanga ukutani: moja la Kasuku, moja la Mikelenge, moja la nyumba za reli. Kila mtaa ulikuwa na mtumbwi wake, na Saidi, mkubwa wa wapiga makasia, alipaza jina la mtaa kabla majembe hayajaanza kugonga, ili nijue mkono wangu uende wapi.

"Kaporali anauliza kitu kimoja tu, papa," nilimwambia. "Beseni tatu za nini?"

"Kwa stesheni, kila njia iko na hesabu yake," alijibu. "Ukichanganya njia yote, behewa inapotea na hesabu inakaa muzuri. Hesabu ikikaa muzuri, nani atatafuta behewa?"

Alikuwa na kanuni nyingine pia. Jioni nilitoa kifuniko kwa kila mlio; na kama mlio ungekuja beseni likiwa tupu, nisichukue cha beseni la jirani. Niweke jiwe dogo kando ya beseni, na jiwe hilo liseme kwamba hapa limerudi lililozidi. Na baada ya kila mtumbwi, yeye mwenyewe aliinuka, akachukua chaki, na kuandika ukutani nyuma ya mlango mabeseni yote matatu yana nini, na pembeni yake jina la mtumbwi wa mwisho kupokelewa. Niliona ni ugonjwa wa watu wa reli, kuandika ukutani kitu kilichomo ndani ya beseni mbele ya macho yako.

Ugonjwa huo nilikuja kuushukuru mapema. Mwanzoni hatukutumia vifuniko vya chupa, tulitumia vikonyo vya sombe, majani ya mihogo, kwa kuwa sombe ndiyo tuliyokuwa nayo. Siku moja risasi zililia upande wa Alunguli, tukalala kifudifudi nyuma ya magunia mpaka zikanyamaza. Tuliporudi, mbuzi alikuwa ndani ya banda, ameweka miguu ya mbele ndani ya beseni la Kasuku, anatafuna.

Mama Asha, aliyekuwa amebaki upande wetu siku hiyo kwa sababu ya jino, alicheka mpaka akakaa chini. "Zaina! Mbuzi amekula Kasuku nzima!"

"Usicheke, mama, Kaporali atasikia."

"Asikie. Mwambie angoje mpaka kesho asubuhi, mbuzi ataitoa."

Papa Kalenga hakucheka. Alifungua mlango, akasoma chaki. Ilionyesha mabeseni yalivyokuwa mpaka mtumbwi wa mwisho kuandikwa. Baada ya ule ulivuka mmoja tu, wa Kasuku. Akamwita Saidi, akamuuliza aliwabeba wenye majembe mangapi, tukalijaza beseni vikonyo vipya. Kasuku ikafufuka. Leo programu zangu hufanya hivyo hivyo mara kwa mara: zinaandika mahali salama hesabu zote pamoja na alama ya mahali zilipofika katika mto wa ujumbe. Vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu hesabu isiyojua ilipofika itahesabu wengine mara mbili au itawaruka. Mashine ikizimika, na mashine huzimika, inaanzia kwenye chaki. Kesho yake Papa Kalenga alileta ndoo ya vifuniko vya chupa kutoka kwenye baa iliyofungwa nyuma ya stesheni. Bia yenyewe mwaka ule ilikuwa hadithi.

Mchana, mto ukiwa kimya na akina mama wako mashambani, tulikula humo bandani. Ugali wa mihogo, sombe iliyotwangwa, mawese, chumvi hakuna. Papa Kalenga alinawa mikono polepole kama mtu anayengoja mgeni. Mkewe na watoto walikuwa Kabalo, upande mwingine wa vita. Alihamishiwa Kindu peke yake, wao wamfuate, na vita vikaingia katikati. Hakuwa na barua wala habari. Nyakati nyingine, akila, alitaja stesheni kwa mpangilio, Kibombo, Samba, Kongolo, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetangaza safari, na akifika Kabalo aliishia hapo, akamega tonge jingine. Sikumuuliza ana watoto wangapi. Wako. Walishuka kweli, vita vilipoisha na treni iliporudi, wote. Binti aliyeniandikia ujumbe wa msiba ndiye aliyekuwa mdogo wao, na mjane aliyekuwa amekaa mkekani mbele yangu, khanga kichwani, ndiye aliyengojewa kwa sombe isiyo na chumvi.

Jioni Kaporali alikuja kuchukua namba yake, na akina mama walimwachia fungu la sombe mlangoni, kwa hiari na kwa woga, sijui kipi kilizidi.

"Kaporali," Mama Asha alimwambia mara moja, "unakula bila kulima. Shika jembe uvuke."

"Mimi nikivuka, nani atawalinda?"

"Utulinde na nani? Si weye njo tunakuogopa?"

Kaporali aliangalia viatu vyake. Nadhani alikuwa mdogo kwangu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua. Ilinyesha mchana, ikakatika, na jioni ikawa ya manjano, mto mwekundu kwa matope na kasi. Kasuku walirudi wa kwanza. Milio ilikoma na beseni lao likawa tupu. Kisha Saidi akapaza, "Mikelenge!" na majembe yakaanza kugonga, nikatoa, nikatoa, mpaka kucha zangu zikagusa enameli. Halafu ukaja mlio mmoja zaidi. Niliweka jiwe. Nilimtazama Papa Kalenga, naye akaendelea kuandika kwa chaki. Kulikuwa bado na mtumbwi mmoja. Wa nyumba za reli ulifika mwisho. Milio ilikoma, nikangoja, na ndani ya beseni lao kilibaki kifuniko kimoja.

Jiwe moja, kifuniko kimoja. Kaporali alikuwa ameshafika mlangoni.

"Imebaki ngapi?"

Ukiondoa moja kwenye moja unapata sifuri. Hilo ndilo jibu alilotaka, na kwa namna fulani lilikuwa jibu sahihi; majembe yote yalikuwa yamerudi mjini. Ningesema sifuri, kesho mtumbwi ungevuka, na watoto wa mitaa mitatu wangekula. Ningesema moja, mto ungefungwa. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini sikuweza kuviona jiwe na kifuniko kama kitu kimoja. Kimoja kilikuwa upande huu, kingine upande ule, na katikati yao palikuwa na nafasi ya mtu.

"Moja," nilisema. "Ya nyumba za reli. Iko ng'ambo."

Nje, akina mama wa nyumba za reli walikuwa bado wanakamua nguo zao. Walisikia. Na kwa mara ya kwanza mwaka ule niligeuka, nikawaona wakitazamana usoni, mmoja mmoja, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa kuogopa kuhesabu.

"Mbuyi iko wapi?"

"Mama Mbuyi alirudi na rafiki yake Asha, na mtumbwi ya Mikelenge."

"Asha alishapanda nyumbani. Mbuyi sikumwona naye."

Mmoja alipaza sauti kuelekea kilimani, na Mama Asha akarudi mbio, majembe mawili begani. Alipoyaona macho yetu yakiyatazama, akayashusha.

"Niligonga yangu na yake," alisema. "Mulisema kila jembe igonge, nikagonga. Alisikia baridi mwilini, akaniambia nimubebee jembe, yeye atakuja na mtumbwi yao." Sauti yake ya kuamsha mtaa ilikuwa imekwisha. "Yao haikumuleta?"

Walidhani yuko na Asha. Asha alidhani yuko nao. Na sisi, ambao kazi yetu ilikuwa kujua, tulikuwa tumehesabu chuma.

"Basi," Kaporali alisema. "Kesho hakuna kuvuka. Ndiyo amri."

Papa Kalenga alivaa kofia yake. "Kaporali, amri inasema nini? Inasema bendera. Angalia juu."

Bendera ilikuwa bado juu, imelowa, imejikunja kwenye mlingoti.

"Jua linazama, mzee."

"Amri haikusema jua."

Kaporali alitazama bendera, akatazama mto. Alimtazama Mama Asha kwa muda mrefu kuliko vyote. "Saidi awahi," alisema hatimaye. "Bendera itashuka kwa wakati wake. Mimi siwezi kuizuia." Akaondoka kuelekea mlingotini.

Saidi alisukuma mtumbwi, na Mama Asha akarukia ndani bila kuulizwa. Tuliwaona wakipungua kwenye maji mekundu. Kisha akaja mwanajeshi wa zamu ya bendera, na Kaporali akamwambia ampishe, akashika kamba yeye mwenyewe.

"Mbona haishuki?" tulimsikia mwenzake akiuliza.

"Kamba imelowa. Imekwama. Ngoja."

Alikuwa ameinama juu ya fundo, vidole vyote kumi kazini, na kutoka mlangoni pa banda niliona wazi kwamba hafungui. Alikuwa anafunga.

Katika programu ninazoandika kuna mahali ambapo mtu lazima aamue: tungoje ujumbe uliochelewa kwa muda gani kabla ya kufunga hesabu ya siku? Ukifunga mapema, namba inatoka haraka na kila mkubwa anafurahi. Ukingoja, unalaumiwa. Kijana mmoja kazini aliniuliza kwa nini muda ninaouweka mimi ni mrefu kuliko wa wengine. Nilimweleza habari za mtandao wa Maniema, mvua, betri za sola, muuguzi anayepanda kilima na simu mkononi akitafuta mawimbi. Yote ni kweli. Sikumweleza habari za mwanajeshi na kamba iliyolowa, kwa sababu tulikuwa kikaoni na ningelia.

Mtumbwi ulitokea ukiwa tayari karibu, maana mwanga ulikuwa umeisha. Homa ilikuwa imemlaza Mama Mbuyi nyuma ya rundo la mashina ya mihogo, na wenzake walipita bila kumwona. Mama Asha alimpandisha kwa kumkumbatia kiunoni, akimtukana njia nzima, mjinga we, mjinga mkubwa, unalala kama uko kwako, na machozi yakimtiririka. Akina mama wakamfunika kwa khanga zote zilizokuwa kavu. Huyo Mama Mbuyi, mwenye mvi sasa na goti bovu, ndiye aliyenipakulia wali msibani. Aliniongezea kipande cha samaki bila kuniuliza.

Jioni ile hakuwa na jembe la kugonga. Lake lilikuwa limeshagonga. Nikanyoosha mkono nivikusanye jiwe na kifuniko kwa pamoja, na Papa Kalenga akanizuia. Alitaka nitoe jiwe kwanza, kwa ajili ya Mikelenge, kisha kifuniko, kwa ajili ya nyumba za reli, kila kosa lirekebishwe pale lilipozaliwa. Nilifanya hivyo. Akaandika. Na tangu kesho yake akina mama wenyewe waliongeza kitu katika utaratibu wetu: kila aliyegonga jioni alitaja jina la mwenzake aliyemwona akishuka nyuma yake. Kutaja si kuhesabu, walisema. Nilijifunza majina yote, na ninayo bado.

Lakini jioni ile hatukujua kama kutakuwa na kesho. Bendera ilikuwa imeshashuka, baada ya mtumbwi kufika lakini kwa kuchelewa, na hatukujua mkuu wa wanajeshi angesemaje. Tulikaa bandani, mimi na Papa Kalenga, tukisikia akina mama wakipanda kilima polepole na mgonjwa wao katikati. Kaporali aliingia bila kubisha. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Hakuuliza namba. Aliomba maji, Papa Kalenga akampa kikombe chake, naye akanywa amesimama, mpaka mwisho, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa na mama.

"Kesho mto utakuwa umejaa," alisema. "Mwambieni Saidi asipakie sana."

"Tutamwambia," Papa Kalenga alijibu.

Kaporali aliitikia kwa kichwa, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu mpaka komeo likaingia mahali pake.